Mzazi Akiugua Saratani: Unasihi wa Familia Unavyofanya Kazi, na Unapokwama

Familia inapopokea habari kwamba mama au baba ana saratani, watu wazima hukubaliana jambo moja upesi, mara nyingi hata bila kulijadili: watoto wasiambiwe kwanza. Taabu yote imejificha kwenye hilo neno "kwanza". Kwanza majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe yatoke. Kwanza upasuaji upite. Kwanza mitihani ya shule iishe. Wiki sita baadaye, mtoto wa miaka minane ameshang'amua kuwa pana jambo. Simu zinapokelewa nje, shangazi amehamia bila sababu inayoeleweka, mama analala mchana, na yeye akiingia chumbani mazungumzo yanageuka kuwa ya hali ya hewa. Jina la jambo lenyewe halijui, kwa hiyo hulipa jina lake. Jina analolitunga mtoto huwa baya kuliko ukweli: wazazi wanaachana, au mimi ndiye niliyemuudhi mama mpaka akaugua.

Hapo ndipo unasihi wa familia, au ushauri nasaha kama wengi walivyozoea kuuita, unapoanzia. Watu huudhania kuwa ni mahali pa kwenda kulia mbele ya mtu mwenye sauti ya upole. Kulia kupo, tena kwa wingi, lakini sehemu kubwa ya kazi ni ya vitendo: nani aambiwe nini na kwa maneno gani, nani atampeleka mdogo shule wiki ya dawa, nani ndani ya nyumba amejitwika mzigo usio wa umri wake.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mnasihi anayeijua kazi hii hukaa muda mrefu zaidi na wazazi kuliko na watoto. Wazazi huja na ombi moja: "Tunaomba uongee na mtoto." Mnasihi hulipokea ombi, kisha hulirudisha kwao. Wiki ina saa 168. Mtoto akionana na mnasihi saa moja, 167 zilizobaki yuko na watu wake, na maswali makubwa hayaji kwa miadi. Huja usiku wa manane, au mtoto akiwa anaogeshwa. Anayehitaji kuandaliwa ni yule atakayekuwepo wakati huo.

Nani hufanya nini

Familia nyingi hupoteza miezi kwa sababu zimepelekwa kwa mtu asiye wake. Daktari wa saratani na wauguzi ndio wenye ukweli wa ugonjwa: umefika wapi, na tiba imelenga kuponya au kuudhibiti. Ofisa ustawi wa jamii wa hospitali hushughulikia kazi, nauli, barua za shule na malipo. Mnasihi au mwanasaikolojia hushughulikia mazungumzo, hofu na mahusiano. Daktari wa afya ya akili huingia pale penye haja ya dawa. Timu ya tiba shufaa hutuliza maumivu na dalili katika hatua yoyote ya ugonjwa mzito. Wanaoikimbia kwa kudhani ni timu ya wanaokufa hujinyima msaada bure.

Mipaka hii ina maana kwa sababu mwili na moyo huigizana. Mgonjwa aliyekesha siku tatu mfululizo baada ya kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, akamfokea kila mtu ndani, huenda hana tatizo la kihisia hata kidogo. Deksamethasoni, dawa inayotolewa mara nyingi pamoja na kemo ili kuzuia kichefuchefu, hufukuza usingizi na huleta ukali. Swali lake ni la muuguzi: je, kipimo cha jioni kinaweza kusogezwa asubuhi? Upande wa pili, uchovu, kukosa hamu ya kula na kupungua uzito ni dalili za saratani na ni dalili za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, vilevile. Kwa hiyo mnasihi mzoefu hapimi sonona kwa hizo. Huuliza yale ambayo uvimbe hauyaleti wenyewe: unajiona huna thamani? Unajilaumu? Kuna jambo ambalo nguvu zako bado zinaliweza lakini halikupi tena raha yoyote?

Kikao cha kwanza

Ikiwezekana, kikao cha kwanza huwa cha wazazi peke yao, dakika 60 hadi 90. Mnasihi huchora mti wa familia: nani anaishi nyumbani, umri wa kila mtoto, nani ni mtu mzima wa pili watoto wakihitaji. Halafu huuliza swali ambalo familia haikulitarajia: nani mwingine katika ukoo aliwahi kuugua saratani, na yaliishaje? Kama bibi alifariki kwa saratani mtoto akiwa na miaka sita, neno hilo kwa mtoto huyo lina maana moja tu. Kumwambia "mama ana saratani" bila kutofautisha ugonjwa wa bibi na wa mama ni sawa na kumwambia mama anakufa.

Kisha huuliza nini kimeshasemwa, kwa nani, na kwa maneno yepi hasa. Hapa mnasihi huandika maneno kama yalivyotamkwa. "Baba ana kidonda tumboni" si taarifa ndogo, kwa sababu kesho mtoto atachubuka goti na atakuwa na kidonda chake.

Dhiki ya kila mmoja hupimwa kwa njia rahisi inayotumika katika kliniki nyingi za saratani: mchoro wa kipimajoto wenye namba 0 hadi 10, mtu aweke alama kwa wiki iliyopita. Kuanzia 4 kwenda juu, uchunguzi zaidi hufuata. Mwenza naye apimwe, tena kwa karatasi yake, si kwa kuulizwa mbele ya mgonjwa. Atasema 2. Akiwa peke yake atasema 8.

Usiri hupangwa siku hiyohiyo, kabla siri zenyewe hazijatoka. Anachosema kijana kinabaki kwa mnasihi, isipokuwa kuna hatari ya kujiumiza, kuumiza mwingine, au anadhulumiwa. Anachokijua mgonjwa kuhusu muda wake hakipelekwi kwa mwenza bila ridhaa yake. Mnasihi asiyeyasema haya mapema hugeuka ghala la siri za nyumba nzima: mke amemwambia hili, mume lile, kijana la tatu, na yeye mwenyewe hawezi tena kufungua kinywa wakiwa wote pamoja.

Vikao huwa vitano hadi vinane kwa familia isiyo na matatizo mengine makubwa, na hufuata kalenda ya tiba. Kemo hutolewa mara nyingi kila baada ya wiki mbili au tatu. Siku chache baada ya dripu mgonjwa hana nguvu ya kusikiliza mtu. Kikao huwekwa siku za mwisho za mzunguko, nguvu zikiwa zimerudi. Mambo yakibadilika, kwa mfano tiba inaanza, inaisha, ugonjwa unarudi, au lengo linahamia kwenye kutuliza maumivu, familia inarudi hata kama ilikuwa imeshaaga.

Liko swali ambalo hospitali nyingi hazijazoea kuliuliza: una watoto wangapi, wana umri gani, na wanajua nini? Norwei iliamua kutoiachia huruma ya mhudumu mmojammoja. Tangu tarehe 1 Januari 2010, sheria ya huko inawataka wahudumu wa afya wasaidie kuyaangalia mahitaji ya watoto wa wagonjwa wenye magonjwa mazito. Mahali pasipo na sheria ya namna hiyo, mzazi aanze mwenyewe. Atamke kwa muuguzi kwamba ana watoto nyumbani na anaomba mtu wa kumsaidia kuzungumza nao.

Maneno yenyewe

Mtoto mdogo ana maswali matatu, ayatamke asiyatamke. Nimeuleta mimi? Nitaambukizwa? Nani atanilea? Maelezo yasiyoyajibu hayo matatu, hata yakiwa sahihi kama kitabu cha udaktari, hayajamfikia.

Kwa mtoto wa miaka mitano inatosha hivi: "Mama ana ugonjwa unaitwa saratani. Uko hapa, kwenye titi. Si wewe uliyeuleta, wala si kwa sababu ya kitu chochote ulichosema au kuwaza. Hauambukizi, unaweza kumkumbatia. Anapewa dawa kali ya kuupiga huo ugonjwa. Dawa itamchosha na nywele zake zitaanguka. Siku za dawa, baba ndiye atakayekupeleka shule." Halafu mzazi anyamaze. Kinachoharibika hapa ni kile kinachofuata: mzazi aliyekwisha kujikaza mpaka akaanza, hushindwa kukoma. Anaendelea dakika ishirini, anaingia kwenye seli na hatua za ugonjwa, mtoto anatazama dirisha. Au mtoto anauliza, "Naweza kwenda kucheza?" na mzazi anahitimisha kwamba hakuelewa, au hajali. Ameelewa. Watoto huichukua huzuni kidogokidogo, wakaenda kuicheza, wakarudi kuchukua nyingine. Swali lake litakuja keshokutwa akiwa anavaa viatu.

Jina la ugonjwa litajwe. "Mama anaumwa" humfanya mtoto aogope kila mafua yanayoingia nyumbani, yake na ya wengine. Na jina hilo atalisikia tu, kwa jirani au kwa mtoto mwenzake, halafu atajua kwamba waliokuwa na haki ya kumwambia hawakumwambia.

Kisha lile swali: "Utakufa?" Wazazi wengi hujibu "Hapana!" kabla swali halijaisha. Kama ugonjwa unatibika, jibu lenye kusimama ni: "Wapo watu wanaokufa kwa saratani. Daktari anasema yangu ina dawa, na ninaitumia. Kikibadilika kitu, nitakuambia mimi mwenyewe." Kama hali haijulikani: "Sijui bado, na madaktari hawajui. Tukijua utajua." Ile ahadi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Mtoto aliyeahidiwa kuambiwa huacha kulinda zamu mlangoni kusikiliza minong'ono. Ahadi ya kutokufa haimo mikononi mwa mtu yeyote, lakini ya kusema imo. Ikivunjwa mara moja, zamu ya mlangoni inarudi, na safari hii haiondoki kirahisi.

Mambo manne huelezwa vibaya mara kwa mara, na kila moja huzaa hofu yake.

Kuambukiza: saratani yenyewe haihami kwa kukumbatiana, kulala kitanda kimoja wala kula sahani moja. Virusi fulani vinavyoweza kuchangia saratani ya mlango wa kizazi au ya ini huambukiza, kwa njia zake vyenyewe, na hilo ni la watu wazima kulizungumza na daktari.

Mionzi: ya mashine haiachi kitu mwilini, mgonjwa akitoka chumbani humo anashikika. Madini-joto yenye mionzi, yanayotumika kwa saratani ya tezi ya shingo, ni habari nyingine. Kwa siku kadhaa mgonjwa hutakiwa kukaa mbali na watoto na wajawazito. Mtoto asiyeelezwa huona mama amemkataa. Aambiwe sababu, aambiwe na tarehe ya mwisho, kisha aiweke alama yeye mwenyewe kwenye kalenda.

Kemo: kwa takriban saa 48 baada ya dawa, matapishi na choo cha mgonjwa hushikwa kwa glavu, na anayeshika awe mtu mzima. Nyumba nyingi mtoto mkubwa ndiye anayemwaga ile ndoo, na hakuna aliyempangia.

Homa: kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu huwa zimeshuka sana, na joto la 38 ni safari ya hospitali usiku huohuo. Ndiyo maana mwenye mafua hukaa mbali. Sasa fikiria mtoto aliyepiga chafya Jumanne, mama akalazwa Alhamisi. Hakuna aliyemshutumu, lakini pia hakuna aliyemwambia kwamba homa nyingi za namna hiyo hutokana na vijidudu vilivyomo mwilini mwa mgonjwa mwenyewe. Anaweza kukaa na kosa hilo miaka.

Umri na jinsi ya kubeba habari

Mtoto aliye chini ya miaka mitatu hahitaji maelezo, anahitaji mtu yuleyule na utaratibu uleule: uji, kuoga, wimbo, taa. Mzazi akilazwa, mlezi mmoja anayefuata mpangilio huo ni bora kuliko watatu wenye upendo wanaopokezana.

Wa miaka mitatu hadi mitano huamini kwamba mawazo yana nguvu, na kwamba aliyekufa anaweza kurudi. Ikifika haja ya kusema kifo, semeni kifo: mwili umeacha kufanya kazi, haupumui, hausikii njaa wala maumivu, haurudi tena. "Amelala" humfanya aogope kulala. "Amesafiri" humfanya angoje, na kila asiyerudi mapema kutoka kazini anaonekana naye amesafiri hivyo hivyo.

Kuanzia sita hadi tisa hupenda mambo yanayoonekana: uvimbe ni mkubwa kama nini, dripu inaingilia wapi. Kumpeleka kuona kile kiti cha dawa na mlingoti wa dripu, siku ambayo mzazi hapewi dawa, hupunguza hofu kuliko maneno. Nywele zikianguka, kwa kawaida kati ya wiki ya pili na ya nne kwa dawa zinazoziangusha, aulizwe yeye angependa wenzake shuleni waambiwe nini.

Vijana ndio wanaosahaulika, kwa kuwa wanaonekana wanajiweza. Kijana wa miaka kumi na minne yuko katika umri wa kujitenga na wazazi, na ghafla nyumba inamvuta ndani. Wapo wanaotoweka, wanaolala kwa rafiki na kurudi usiku. Wazazi huwalalamikia hao. Mnasihi humwogopea zaidi yule anayesifiwa: binti aliyeacha mazoezi ya mpira, anayepika, anayewasimamia wadogo kazi za shule, anayejua dawa ya saa mbili na ya saa nne, ambaye wageni wote husema "huyu ametukomboa".

Kwa huyo kuna zoezi dogo la karatasi. Anaandika kila anachokifanya nyumbani tangu Jumatatu, kisha mnasihi anapitia orodha na wazazi wakiwepo, akiuliza juu ya kila mstari: hii kazi inaisha? Kuosha vyombo kunaisha, vikishakauka umemaliza. Kumchukua mdogo shule kunaisha. "Kumwangalia mama asianguke" hakuishi. "Kuhakikisha baba hanywi" hakuishi. "Kusikiliza kama anapumua" hakuishi, na binti wa miaka kumi na minne aliyeandika mstari huo halali. Mtoto anaweza kupewa kazi zinazoisha, hata nyingi kiasi, na zikamjenga. Zisizoisha zihamishiwe kwa mtu mzima mwenye jina, kabla kikao hakijafungwa. Ikiwa hakuna mtu mzima wa kumtaja, hilo ndilo tatizo la kupelekwa kwa ofisa ustawi wa jamii kesho asubuhi.

Vijana pia husoma mtandaoni usiku. Hukutana na takwimu za waliobaki hai baada ya miaka mitano, bila kujua kwamba zinawahusu watu waliogunduliwa miaka mingi nyuma, wa umri na hatua mbalimbali zilizochanganywa pamoja. Kumkataza hakusaidii. Asome, alete maswali, muuguzi akae naye nusu saa. Swali mojawapo litakuwa "Na mimi je?" Saratani zinazofungamana na mabadiliko ya jeni yanayorithiwa ni takriban asilimia 5 hadi 10 ya zote. Palipo na dalili za kurithi, anayepimwa kwanza huwa mgonjwa mwenyewe, na watoto kwa kawaida hawapimwi jeni za saratani za ukubwani mpaka wafikie umri wa kuamua wenyewe.

Kosa moja halina umri na halisameheki: kumfanya mtoto mkalimani. Pale mzazi na daktari hawaongei lugha moja, mtoto aliyesoma huitwa kutafsiri. Kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kujua, na yeye ndiye anayetakiwa kumtamkia mama yake kwamba uvimbe umesambaa. Hospitali itafute mtu mzima mwingine, hata kwa simu.

Wazee wa pande mbili

Wanandoa wengi huja wakiwa wamefichana. Mgonjwa hasemi hofu yake ili asimvunje mwenzake moyo, mwenzake hasemi yake kwa sababu hiyohiyo, na kila mmoja anamwona mwingine jiwe. Mnasihi huwapa dakika 15 kila siku, saa maalumu, za kuuzungumza ugonjwa. Dakika zikiisha, wanazungumza mengine. Dakika hizo zikiwa na ukingo, watu huthubutu kuingia. Tendo la ndoa halitatajwa na yeyote mpaka mnasihi alitaje, basi alitaje. Upasuaji, uchovu na dawa za homoni hubadilisha mengi, na mwenza aliyeacha kumgusa mgonjwa kwa kuogopa kumuumiza anasomeka kama aliyechukizwa.

Mzazi anayelea peke yake apangiwe mapema jina la mlezi, lililoandikwa kwa taratibu za kisheria za mahali alipo. Kwa waliotengana, wote wawili wawe na maneno mamoja, hata kama wanayapokea kwa vikao tofauti. Na babu na bibi, ambao mara nyingi ndio wanaosema "msimwambie mtoto", waitwe kwenye kikao kimoja. Wakiachwa nje, mpango wote utavunjikia jikoni kwao. Wanachokitetea ni uchungu wao: huyo mgonjwa ni mtoto wao.

Shinikizo la "jipe moyo" nalo lina madhara yake. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba fikra njema huponya uvimbe. Mgonjwa aliyeaminishwa hivyo, hali ikizorota, hujiona ameshindwa mtihani, na watoto hujiona hawakumwombea au hawakumchekesha vya kutosha. Mnasihi anayefungua kikao kwa kauli za ushindi aulizwe anamsaidia nani.

Pale tiba inapokuwa haiponyi tena

Watoto waambiwe siku zikiwa bado zipo, yaani mzazi akiwa bado anaweza kuongea mwenyewe. Kuambiwa saa za mwisho huwanyang'anya nafasi ya kusema walichotaka kusema. "Madaktari wamejaribu dawa walizonazo. Hazifanyi kazi tena. Nitakufa kwa ugonjwa huu, si leo, na tutakapokaribia nitahakikisha unajua." Pembeni awepo mtu mzima atakayebaki, na mtoto aambiwe waziwazi kuwa huyo ndiye atakayemlea.

Barua na sauti zilizorekodiwa ni zawadi, lakini tuziangalie. Mzazi huanza kuandika barua ya kila siku ya kuzaliwa mpaka mtoto afike miaka kumi na minane, nguvu zinaisha kwenye ya tatu, na anajiona amemwangusha mwanawe. Barua moja fupi inatosha: nini nilikipenda kwako, kisa kimoja tulichocheka, ruhusa ya kufurahi bila mimi. Amri zisiwemo. "Soma uwe daktari" ikiandikwa na marehemu haina pa kukatiwa rufaa.

Mtoto akitaka kuwepo kitandani, awepo. Asipotaka, asilazimishwe. Kabla hajaingia aambiwe atakachokiona: ngozi imebadilika rangi, pumzi zinakoroma na zinaachana, huenda hatamjibu. Awe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni mtoto huyo tu, aliye tayari kutoka naye nje dakika yoyote.

Lini uombe msaada wa haraka

Kukojoa kitandani, kunata kwa mzazi, hasira na alama kushuka kwa wiki moja au mbili ni mambo ya kawaida. Yakizidi wiki mbili bila nafuu, mtoto halali, hali, au hataki kabisa shule, apelekwe kwa mtaalamu wa watoto. Anayesema anataka kufa, anataka kumfuata mama, au anajikata, hangoji wiki: ni siku hiyohiyo. Mwalimu mmoja shuleni, mmoja tu na aliyechaguliwa na mtoto, ajue hali ilivyo, kwa sababu mabadiliko mengi huonekana darasani kabla ya nyumbani.

Tiba inapoisha vizuri

Familia nyingi huacha kuja siku ya dripu ya mwisho, na wanasihi wengi huwaruhusu. Ni mapema mno. Ratiba iliyokuwa inawashikilia imeondoka, wageni hawaji tena, na mgonjwa anayetarajiwa kushangilia analia bila kujua kwa nini. Kila kipimo cha marudio, mwanzoni kila miezi mitatu au sita, hurudisha hofu kuanzia siku kadhaa kabla. Kikao kimoja hutengwa kwa hilo pekee: tarehe ya kipimo, nani anakwenda naye, nani ataambiwa majibu kwanza na watoto wataambiwa saa ngapi ya siku ileile.

Hapo ndipo pia mzazi huja na lalamiko lisilomwingia akilini: mtoto aliyekuwa mtulivu miezi minane yote, aliyetii, asiyesumbua, sasa amepona mama yeye anapiga milango na kutupa mkoba. Kwa mnasihi hii ni habari njema, ingawa humchukua muda kumshawishi mama. Mtoto ameona kuwa nyumbani yupo tena mtu mwenye nguvu za kumgombeza.